Mashine ikikesha, panda baiskeli: mwongozo wa mtafiti wa uhandisi

Kazi yangu ni kuvunja vyuma polepole. Natafiti uchovu wa metali: naifunga fimbo ya aluminiamu kwenye mashine, mashine inaivuta na kuiachia mara 20 kwa sekunde, nami nasubiri ufa. Mizunguko milioni 10 kwa mwendo huo ni karibu siku 6, usiku na mchana, na hakuna namna ya kuiharakisha bila kuvuruga matokeo. Kwa hiyo wanafunzi wa uzamivu wakiniuliza napata wapi muda wa kuendesha baiskeli ya barabarani, jibu langu ni hilo. Mashine ina saa zake, nami nina zangu.

Sitakuambia ununue baiskeli gani. Nitakueleza namna ya kuifanyia utafiti hiyo uliyo nayo, na namna ya kuutumia utafiti huo katika kazi. Barabarani hakuna msimamizi wala mhakiki wa jarida anayekutazama. Ukizoea kupima kwa haki huko, maabara hutahitaji kusukumwa.

Panga wiki kwa kufuata mashine

Majaribio marefu yaanze Ijumaa mchana. Kabla ya kuondoka weka kikomo cha umbali ambao mashine inaruhusiwa kuvuta, ili sampuli ikikatika ijizime yenyewe, na uhakikishe taarifa itafika kwenye simu yako. Ukifanya hivyo, Jumamosi na Jumapili una ruhusa halali ya kwenda mbali. Siku za kazi zinatosha safari fupi.

Kuhusu kuandika, mimi nina msimamo ambao wenzangu wengi wanaupinga: andika asubuhi, panda baiskeli jioni. Miguu ikichoka kidogo bado inazungusha pedali. Kichwa kikichoka hakitoi aya hata moja ya maana. Wanaoanza na baiskeli alfajiri husema wanafika ofisini wakiwa na akili safi. Labda. Mimi huwaona wakisinzia kwenye semina.

Ukitoka, beba swali moja tu la kazini, usibebe kumi. Likijibika ukiwa njiani, simama pembeni, jirekodi kwa sauti kwenye simu, kisha uendelee. Kwenye mteremko swali lote liweke kando: macho barabarani, vidole kwenye breki.

Jua nguvu zako zinaliwa na nani

Hapa ndipo waendeshaji wengi hutupa hela, hata wahandisi. Chukua mtu ambaye pamoja na baiskeli yake ana kilo 80, kwenye barabara tambarare isiyo na upepo, karibu na usawa wa bahari. Akienda kilomita 35 kwa saa anahitaji takriban wati 225 kutoka miguuni. Kati ya hizo, hewa inachukua 180, tairi zinachukua 38, na 7 hivi zinapotea kwenye mnyororo na gia. Akishuka hadi kilomita 20 kwa saa, hewa inachukua 34 na tairi 22. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayoliwa na hewa inaongezeka mara nane, na ndiyo maana kilomita chache za mwisho kwenye kipima-mwendo huwa ghali kuliko zote zilizotangulia.

Sasa mpeleke mtu huyohuyo kwenye mlima wa asilimia 8 kwa kilomita 12 kwa saa. Kuinua uzito peke yake ni kama wati 209. Hewa haifiki hata 8. Ukimpunguzia baiskeli kilo nzima, ataokoa chini ya wati 3. Kilo nzima si mchezo: shirikisho la dunia, UCI, halikubali baiskeli ya mashindano ya barabarani iliyo chini ya kilo 6.8, kwa hiyo nafasi ya kupunguza huisha mapema. Lakini kwenye tambarare, kwa kilomita 35 kwa saa, ukikunja viwiko tu na kupunguza eneo la ukinzani kutoka mita za mraba 0.32 hadi 0.30, umeokoa wati 11 bila kununua kitu.

Hilo eneo la ukinzani, wataalamu huliandika CdA, ndilo namba ninayotaka uipime. Ni ukubwa wa mwili unaoonekana kwa mbele, ukizidishwa kwa namba inayoeleza jinsi umbo hilo linavyoivuruga hewa. Kuvitenganisha hivyo viwili ni kazi ngumu na haikusaidii, kwa hiyo vipime vikiwa vimezidishwa tayari.

Jaribio la mteremko

Kipima-nguvu, yaani kifaa kinachopima wati unazotoa kwenye pedali, hakihitajiki hapa. Kinachohitajika ni mteremko wa kama asilimia 3, ulionyooka, wenye lami ya aina moja kuanzia juu hadi chini, bila njia panda, na unaoonekana wote ukiwa juu. Mita 600 zinatosha. Nenda alfajiri, hewa ikiwa imetulia. Kama mteremko una magari, tafuta mwingine; hakuna namba inayostahili kugongwa.

Weka alama tatu kando ya barabara. Kwenye ya kwanza uwe umefikia kilomita 34 au 35 kwa saa, uache kuzungusha pedali, miguu ikae sawa, moja mbele moja nyuma, na daima ule uleule mbele. Kati ya alama ya kwanza na ya pili acha kasi itulie. Kati ya ya pili na ya tatu, pima. Kihisi cha kwenye gurudumu ni bora kuliko GPS kwa umbali mfupi, lakini kwanza pima mzingo wa gurudumu lako kwa chaki: weka alama kwenye tairi na sakafuni, kaa juu ya baiskeli kwa uzito wako wote, sogea mzunguko mmoja, weka alama nyingine. Kosa la asilimia 1 kwenye mzingo linakuwa kosa la asilimia 2 kwenye jibu, kwa sababu kasi inazidishwa kwa kasi.

Chagua mikao miwili. A: mikono juu ya vishikio vya breki, viwiko vimenyooka. B: mikono palepale, viwiko vimekunjwa hadi mikono ilale sambamba na ardhi, kichwa kimeshuka. Mkao B huwashangaza wengi, maana mara nyingi unashindana vizuri na ule wa kushika pinde za chini za usukani. Usijaribu kukalia bomba la juu la fremu. UCI ilipiga marufuku mkao huo mashindanoni kuanzia tarehe 1 Aprili 2021, na nje ya mashindano bado ni hatari ileile.

Kisha shuka kwa mpangilio huu: A, B, B, A. Pumzika, rudia. Kwa nini usifanye A zote halafu B zote? Kwa sababu asubuhi haisimami. Jua likipanda, hewa inapata joto na inakuwa nyepesi. Tairi nazo zinapata joto na kubingirika kwa urahisi zaidi. Ukizipanga B zote mwishoni, utausifia mkao wakati sifa ni za jua. Mpangilio wa A, B, B, A unayagawa mabadiliko hayo sawa kwa pande zote mbili, mradi yanakwenda taratibu. Ndio mpangilio ninaoutumia ninapolinganisha sampuli maabara, na sijapata sababu ya kubadili kwa vile nimevaa kofia ya baiskeli.

Adui mkubwa ni upepo. Ukishuka kwa mita 10 kwa sekunde, na upepo wa mita 1 tu kwa sekunde ukakujia usoni, ukinzani wa hewa unapanda kwa asilimia 21. Upepo huo hausikiki hata kwenye majani ya mti, na tayari umezidi tofauti yote unayoitafuta kati ya A na B. Kwa hiyo funga utepe mwepesi wa plastiki kwenye fimbo, uuchomeke kando ya barabara pale katikati. Utepe ukicheza, subiri. Ukiendelea kucheza, rudi nyumbani ukafanye kingine.

Usitazame matokeo kabla ya kumaliza raundi zote. Ukijua B inaongoza, utajikunja zaidi kwenye B bila kukusudia.

Mali bila daftari hupotea bila habari: andika joto, shinikizo la hewa, upepo uliojaza kwenye kila tairi, uzito wako na wa baiskeli pamoja na chupa ya maji, nguo ulizovaa, na jambo lolote lisilo la kawaida, hata kama ni lori lililopita. Maji unayokunywa kati ya raundi usiyahangaikie. Nusu lita kwenye kilo 80 haifiki asilimia 1.

Hesabu yenyewe

Kasi ikitulia, nguvu ya mteremko inalingana na ukinzani wa tairi na hewa kwa pamoja. Kwa maneno ya daftari:

kilo × 9.81 × (mteremko − 0.005) = 0.5 × densiti ya hewa × eneo la ukinzani × kasi²

Ile 0.005 ni makadirio ya ukinzani wa tairi za kawaida za barabarani kwenye lami. Tairi nzuri hushuka chini ya hapo. Densiti ya hewa ni kilo 1.225 kwa mita ya ujazo kwenye usawa wa bahari kwa nyuzi 15. Kwa nyuzi 30 inashuka hadi kama 1.16, na kwenye mwinuko wa mita 2,000 inakaribia 1.0. Kasi iwe mita kwa sekunde, na mteremko wa asilimia 3 uandike 0.03.

Mtu wetu wa kilo 80 mwenye eneo la 0.36 atatulia kwenye kilomita 34 kwa saa. Akijikunja hadi 0.30, atatulia kwenye kama 37. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho.

Lakini angalia jambo zuri zaidi. Ukigawanya kasi² ya B kwa kasi² ya A, unapata uwiano wa maeneo mawili ya ukinzani, na mteremko umejifuta kwenye hesabu, uzito umejifuta, tairi zimejifuta. Hukuhitaji hata kujua mteremko ni asilimia ngapi. Namba moja moja zinabeba makosa ya kila ulichokikadiria. Ulinganisho unayatupa mengi ya makosa hayo. Nusu ya ubunifu wa majaribio katika uhandisi ni kutafuta ulinganisho wa namna hii kabla ya kwenda kuomba ruzuku ya kifaa cha gharama.

Kisha tazama A zako peke yake. Zimetawanyika kiasi gani? Kama A moja na A nyingine zinatofautiana kwa kilomita 2 kwa saa, basi tofauti ya 3 kati ya A na B isikupe kiburi. Tofauti kati ya A na A ndiyo kipimo cha usichokijua, na ndiyo namba ya kwanza ninayoiuliza mwanafunzi anapoleta grafu nzuri ofisini kwangu.

Ukiwa na kipima-nguvu

Vipima-nguvu vingi vinafanya kazi kwa vibandiko vidogo vyenye waya mwembamba, vilivyogundishwa kwenye chuma. Chuma kikijikunja kidogo sana, ukinzani wa umeme wa waya unabadilika. Vibandiko hivyo vilivumbuliwa 1938 na Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake, na ndivyo vibandiko hivyohivyo ninavyobandika kwenye sampuli zangu. Mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer alivipeleka kwenye baiskeli mwaka 1986 alipoanzisha kampuni ya SRM.

Usikiamini kifaa kwa sababu kina skrini nzuri. Rudisha sifuri kabla ya kila safari, na tena joto likibadilika sana. Mara mojamoja kikague: laza mkono wa pedali sambamba na ardhi, funga breki ya nyuma, tundika uzito unaoujua kwa hakika. Kilo 20 kwenye mkono wa milimita 172.5 zinatoa nguvu ya kuzungusha ya niutoni-mita 33.8. Kifaa kikionyesha 36, umejua kinakusifu.

Ukiwa nacho unaweza kutumia njia ya Robert Chung. Endesha mizunguko kadhaa kwenye njia fupi inayorudi ilipoanzia, bila kugusa breki, ukibadili kasi. Nyumbani, itake kompyuta ikokotoe mwinuko wa barabara kutokana na nguvu na kasi yako, kwa eneo la ukinzani ulilolikisia. Kama kisio si sahihi, mchoro utaonyesha kila mzunguko unaishia juu au chini ya ulipoanzia, jambo ambalo barabara haiwezi kulifanya. Badili kisio hadi mizunguko ilingane. Kwa mwanafunzi anayejifunza namna ya kuoanisha modeli na data, sijaona zoezi linalolipa haraka kuliko hili.

Kulipeleka jambo hili kwenye kazi

Usiandike kwenye wasifu wako kwamba unapenda baiskeli. Kila mtu anapenda kitu. Andika kwamba ulipima ukinzani wa hewa kwa jaribio ulilolibuni mwenyewe, ukaeleza kiwango cha mashaka, na uwe na ukurasa mmoja wa kuonyesha. Kwenye usaili ukurasa huo unaongea.

Wapo waliofika mbali kwa njia hii. Dan Bigham, mhandisi aliyesomea uhandisi wa magari ya mashindano, alivunja rekodi ya dunia ya saa moja huko Grenchen, Uswisi, tarehe 19 Agosti 2022, kwa kilomita 55.548, akiwa ameajiriwa na timu ya Ineos kama mhandisi. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Filippo Ganna wa timu hiyohiyo aliivunja kwenye uwanja uleule kwa kilomita 56.792. Mhandisi alikuwa amekwisha kujaribu mwenyewe, kwa mapafu yake, mengi ya yale yaliyomsaidia bingwa. Na Anna Kiesenhofer wa Austria, mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati, alishinda dhahabu ya mbio za barabarani za Olimpiki za Tokyo tarehe 25 Julai 2021 bila kuwa kwenye timu ya kulipwa. Alitoroka mapema, na kwa kuwa redio haziruhusiwi kwenye mbio hizo, Annemiek van Vleuten aliyefika wa pili, sekunde 75 nyuma, alivuka mstari akishangilia akidhani ameshinda. Jipangie maswali yako ya utafiti kwa kukumbuka hilo: kundi zima lilikuwa na nguvu za kutosha, lilikosa kuhesabu aliyekuwa mbele.

Tahadhari moja. Usiifanye baiskeli kuwa mada ya tasnifu yako kwa sababu tu unaipenda. Ukishakuwa na msimamizi, bajeti na tarehe ya mwisho juu ya jambo lile lile linalokupumzisha, utabaki bila pa kupumzikia. Mimi nimeziacha kazi hizi mbili ziwe majirani, zikiazimana vyombo tu.

Pale ambapo kazi yangu inaingia moja kwa moja: nyufa

Ukizungusha pedali mara 90 kwa dakika, unafikisha mizunguko 5,400 kwa saa. Mkono wa pedali unafikisha mzunguko wa milioni moja baada ya saa 185 hivi. August Wöhler alionyesha katika karne ya 19, kwa ekseli za treni, kwamba chuma kinaweza kuvunjika kwa mzigo mdogo kikirudiwarudiwa vya kutosha. Linalokuhusu ni kwamba vyuma vingi vya kawaida vina kiwango cha mzigo ambacho chini yake vinaweza kudumu karibu bila kikomo, na aluminiamu haina kiwango cha namna hiyo. Usukani wa aluminiamu una umri hata kama hujawahi kuanguka nao.

Kagua sehemu tatu: usukani pale unapobanwa katikati, bomba la kiti pale linapoingia kwenye fremu, na mikono ya pedali kuzunguka tundu la pedali. Safisha kwanza, maana uchafu huficha ufa. Zima taa ya chumba, shika tochi karibu sawa na uso wa metali, mwanga upite ubavuni: mkwaruzo utang'aa pande zote, ufa utabaki mstari mweusi mwembamba. Pitisha pamba taratibu. Ikinasa nyuzi, rudia hapo kwa kioo cha kukuza. Mara moja kwa mwaka fungua utepe wa usukani, kwa sababu jasho linaloingia chini yake huila aluminiamu kwa vishimo vidogo, na ufa hupenda kuanzia kwenye kishimo. Ukikaza bolti za usukani tumia spana ya kipimo na ufuate namba iliyoandikwa kwenye kifaa chenyewe, mara nyingi niutoni-mita 5 hivi. Kukaza kupita kiasi huacha alama ya ukingo, na alama hiyo ni mwaliko.

Kaboni ni habari nyingine. Macho hayatoshi, ikiwa imepigwa kwa nguvu, mpelekee mwenye vifaa vya kuipima kwa ndani.

Ukiona ufa kwenye usukani, usiipande baiskeli hadi kwa fundi ili umwonyeshe. Isukume. Kipande kikishatolewa usikitupe pia: kiombe. Kikate nje ya ufa, umalizie kuuvunja, utazame uso wa mvunjiko. Mara nyingi utaona mistari iliyopindana kama ile inayoachwa na maji yakirudi nyuma ufukweni, yote ikizunguka sehemu moja ndogo ambapo ufa ulizaliwa, halafu eneo lenye mikwaruzo mikavu ambapo kilichobaki kilikatika kwa mkupuo. Ukipata hadubini, anzia pale padogo. Nina sanduku la vipande hivi ofisini, vingine nimeletewa na waendeshaji nisiowajua vizuri, na ndivyo ninavyogawa kwenye somo la kwanza la uchovu wa metali kabla ya kuandika mlinganyo wowote ubaoni. Chako ukikihifadhi, kifungie na karatasi: aina ya kifaa, makadirio ya kilomita, uzito wa mwendeshaji, kama kiliwahi kuanguka, na nani aliyekaza bolti.